Kalenda Iliyomrudisha Bibi Utotoni

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, uliyetufungulia ukumbi huu na kutuazima viti; Mheshimiwa Mwenyekiti wa maktaba yetu ya programu huria; Mganga Mfawidhi wa kliniki pamoja na wahudumu wako; walimu wangu; ndugu wachangiaji mliotoka karibu na mliotoka mbali; wazazi; bibi yangu uliyekaa pale karibu na feni; na wewe, Mama, ambaye sote tunakuita Kizingiti na ambaye leo tumekuja kukuaga: wakubwa wote shikamooni, na wenzangu wa rika langu hamjambo.

Mwalimu wangu wa darasa alinifundisha kupanga salamu kwa vyeo, kutoka juu kwenda chini. Nimejitahidi, lakini nilikwama, kwa sababu katika maktaba yetu hatujuani vyeo wala sura, tunajuana kwa majina ya kujipachika tu, na langu ni Kinyonga. Mtu ambaye mwaka mzima nimekuwa nikimwita "wewe Msumari", na kubishana naye kuhusu upana wa mistari, leo nimemkuta mlangoni ni mzee mwenye mvi na fimbo. Amenishika mkono akaniangalia vizuri, akasema, "Kumbe Kinyonga ndiye haka katoto?" Nikamwamkia. Nilitaka kumwomba radhi pia, ila sikujua nianze na neno lipi kati ya yale niliyowahi kumwandikia.

Naomba mnivumilie. Ninasoma kwenye karatasi, kwa sababu nikiinua macho nitasahau.

Wapo humu wageni ambao hawajui maktaba yetu ni maktaba ya nini, na hilo si kosa lao. Bibi yangu aliposikia nimejiunga na maktaba alifurahi sana, akaniagiza nimletee kitabu chenye herufi kubwa. Ilinichukua jioni tatu kumweleza kwamba maktaba yetu haina kitabu hata kimoja. Ina vipande vya skrini: kitufe cha kubonyeza, kisanduku cha kuandikia jina, orodha inayofunguka ukiigusa, kalenda ya kuchagulia tarehe. Anayetengeneza programu ya shule, ya kliniki au ya karakana haanzi kuchonga kitufe upya; anakuja kwetu anachukua, bure. Na yeyote anayeona kitufe chetu kina kasoro anaruhusiwa kukirekebisha na kutuletea, na huo tunauita mchango. Lakini mchango hauingii wenyewe. Lazima mtu mmoja aupitie, mstari kwa mstari, kisha aseme: nimekubali, au nimeurudisha.

Bibi aliposikia hivyo alisema, "Sasa nimeelewa. Ni kama kupeleka gauni kwa fundi mkuu. Analigeuza ndani nje, anatafuta nyuzi."

Kwa miaka kumi na mmoja, aliyegeuza magauni yetu ndani nje alikuwa Mama huyu.

Wengi hapa mnajua kwamba kabla ya hapo alikuwa mpiga chapa wa masjala. Alijifunza kuandika msimbo wa kompyuta akiwa na umri ambao watu wengi wanajifunza kupumzika. Mnajua pia habari ya kipanya. Kipanya chake hakikai mezani, kimening'inia kwenye msumari ukutani kwa waya wake, na kila mchango anaujaribu kwa kibodi peke yake, maana, anavyosema, kuna mikono inayotetemeka na kuna meza ambazo kipanya kilikufa zamani. Mchango wangu wa kwanza ulirudi na maneno mawili tu: "Kipanya ukutani." Nilikaa siku nzima nikijiuliza kama ni methali. Nilimuuliza mwalimu wa Kiswahili, naye akaahidi kuitafuta.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, naye hakujua. Au alijua? Hili ni la kwanza kati ya mambo ambayo sijui, na ninaomba radhi mapema, kwa sababu hotuba hii ina mengi ya namna hiyo.

Sasa nije kwenye kalenda.

Zamani kisanduku chetu cha tarehe kilikuwa vijisanduku vitatu vya kuandika: siku, mwezi, mwaka. Vilikuwa vibaya kama meno ya mbele ya mtoto wa darasa la kwanza. Nikatengeneza kalenda. Ukigusa, inafunguka, tarehe ya leo inang'aa kwenye duara, pembeni kuna mshale, ukiubonyeza mwezi unarudi nyuma taratibu kama ukurasa. Niliipenda kalenda ile. Niliwaonyesha wenzangu darasani, hata wasiotaka kuona.

Kizingiti aliirudisha mara nane. Mara ya kwanza: "Kipanya ukutani. Sasa mshale nitaufikiaje?" Nikarekebisha. Mara ya tatu: "Nimepunguza mwanga wa skrini, kama ya mhudumu anayekaa mkabala na dirisha. Tarehe ya leo imepotea. Itafute." Nikaitafuta. Mara ya sita aliandika, "Hapa umeandika msimbo wa kujionyesha. Usijibu. Lala, kesho uusome tena," nikalia kidogo, na kesho yake nikausoma tena, nikaufuta nusu, na kalenda ikafanya kazi vilevile. Je, mtu anayekurudisha mara nane anakuchukia, au anakufanyia jambo ambalo hujawahi kufanyiwa? Wakati ule nilikuwa na jibu. Leo sina.

Mara ya nane aliandika: "Msimbo umenyooka. Bado mstari wa mgeni."

Wageni waalikwa, hapa lazima niwaeleze desturi yetu, kwa sababu kila kitu kinatokea hapa. Kila mchango, kabla ya kukubaliwa, lazima uwe na mstari mmoja chini yake unaoanza na maneno "Umejaribiwa na". Anayejaribu hapaswi kuwa mmoja wetu. Awe mtu wa nje, asiyejua msimbo. Unamkalisha, unanyamaza, unamwangalia, kisha unaandika alichofanya na alichosema, kwa maneno yake mwenyewe. Kama ni kisanduku cha tarehe, mpitiaji anajaribu tarehe za karibu, na mgeni anajaribu tarehe yake ya kuzaliwa. Desturi hii aliileta Kizingiti. Alisema kwamba masjala ilimfundisha jambo moja: fomu inajulikana ubaya wake siku inapojazwa na asiyeitengeneza.

Toleo jipya la maktaba lilikuwa linatoka siku hiyohiyo saa kumi alasiri. Saa tisa na nusu nilimwita bibi aje ajaribu. Alikuwa kwenye cherehani.

"Nikimaliza pindo hili," akasema.

"Bibi, ni dakika moja tu."

"Na pindo ni dakika moja tu. Kaa."

Nikakaa. Nikaangalia saa. Nikaangalia pindo, ambalo lilikuwa la sketi ya kwaya, na sketi ya kwaya haina mwisho. Kisha nikageukia kompyuta nikaandika hivi, na maneno haya bado yapo, mtu yeyote anaweza kwenda kuyasoma:

"Umejaribiwa na bibi yangu, fundi cherehani, miaka sabini na minne. Alichagua tarehe yake ya kuzaliwa bila msaada. Alisema: Ni nyepesi kama kutia uzi kwenye sindano."

Bibi hakuwa amegusa chochote.

Naomba niendelee kusoma.

Nililipenda lile neno la sindano. Niliona linafanana na neno ambalo fundi cherehani angesema. Lakini kwetu nyumbani, anayetia uzi kwenye sindano ni mimi. Ni miaka mitano sasa, bibi haoni tundu. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule ninamwachia sindano sita, zimetiwa nyuzi, zimechomekwa kwenye mto mdogo mwekundu. Kwa hiyo nilimwekea mdomoni neno ambalo yeye peke yake, kati ya watu wote duniani, asingelisema.

Saa kumi kasoro dakika nne jibu likaja. Kizingiti aliandika: "Macho ya bibi yako ni mazuri kuliko yangu. Nimekubali."

Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko kitabu chochote. Ni sifa? Ni swali? Alikuwa amechoka na macho yakimuuma, akaandika tu? Kama alijua, kwa nini alikubali? Na kama hakujua, kwa nini alitaja macho?

Yaliyofuata mnayajua, hasa ninyi wa kliniki. Wiki ile mlikuwa mnahamisha majina kutoka kwenye madaftari kwenda kwenye programu mpya, na programu hiyo ilitumia kalenda yangu. Kalenda ilifunguka ikionyesha leo, na mshale ulirudi mwezi mmoja kwa mbonyezo mmoja. Kumrudisha mtu wa miaka sabini na minne hadi siku aliyozaliwa ni mibonyezo mia nane themanini na minane. Dada wa mapokezi, uliyekaa pale mwisho wa safu ya tatu, ninajua ulijaribu. Umeniambia mwenyewe kwamba kwa mzee wa kwanza ulibonyeza hadi kidole kikafa ganzi, na foleni ilikuwa imefika nje kwenye ngazi. Kisha ukaacha tarehe ya leo, ukasema utarudi kurekebisha. Nani angefanya vingine? Ndivyo ilivyotokea kwamba katika wiki moja, kwenye kliniki yetu, walizaliwa wazee thelathini na wawili.

Wiki sita baadaye bibi alitoka chumbani na simu, ameishika mbali na uso.

"Hebu nisomee hapa, maana naona kama wananitukana."

Nikasoma. "Mzazi mpendwa, mwanao ametimiza wiki sita. Mlete kliniki kwa chanjo na kupimwa uzito."

"Mwanangu yupi?"

"Bibi, nadhani ni wewe."

Akafikiri. "Basi nani atanibeba? Wewe na huo mgongo wa kusoma?"

Alivaa nguo yake ya kutokea akaenda, nami nikamfuata. Alikaa kwenye benchi la kina mama, na alipoulizwa mtoto yuko wapi akajibu, "Ndiye huyu, na amechelewa kuota meno." Kliniki nzima ilicheka. Nami nilicheka, hadi nilipoona nani mwingine yupo kwenye benchi lile.

Alikuwa jirani yetu, fundi viatu. Mzee wangu, ninakuona safu ya nne, na ninashukuru kwamba ninakuona. Yeye pia alikuwa mtoto wa wiki sita. Na kwa kuwa alikuwa mtoto, jina lake liliondoka lenyewe kwenye orodha ya wazee wanaochukua dawa ya presha. Kabla ya siku ile ya benchi alikwenda dirishani kuichukua, akaambiwa hayumo. Yeye si mtu wa kubishana. Alirudi nyumbani, akakaa siku tisa bila dawa, akidhani wakubwa wameamua amepona.

Hakufa. Nimeandika neno hilo kwenye karatasi ili nisilikwepe.

Habari ilipofika kwenye maktaba, siku hiyohiyo Kizingiti aliitoa kalenda, akarudisha vijisanduku vitatu vibaya, na kwenye ukurasa wa kumbukumbu akaandika: "Kalenda hii niliipitia mimi. Niliiona na nikaikubali. Kosa ni la mpitiaji." Jina langu hakulitaja. Watu waliandika mengi chini yake. Mzee Msumari, samahani, wewe uliandika kwamba kizingiti kimechakaa na sasa hata mbuzi wanaruka. Mwingine akasema macho yakizeeka mtu akubali. Kizingiti hakumjibu hata mmoja. Mwezi uliofuata akatangaza kwamba anastaafu, na kila mtu akajua sababu.

Nami nilinyamaza. Siku ya kwanza nilinyamaza kwa woga, siku ya pili kwa sababu nilikuwa nimenyamaza siku ya kwanza, na hivyo hivyo hadi leo ni miezi minne. Katika muda huo Kizingiti aliniandikia mara moja tu, na ujumbe wake ulikuwa hivi: "Bibi hajambo? Msalimie." Basi. Nilikaa mbele ya maneno hayo jioni nzima kama mtu aliyepewa mtihani wa somo ambalo halisomi. Sikujibu. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu kutojibu salamu ya mtu mzima.

Halafu wiki iliyopita ikaja barua ya kamati. Mheshimiwa Mwenyekiti, ninakushukuru kwa barua ile, ingawa nilipoisoma nilidhani imekosea njia. Ilisema kwamba Kizingiti, kabla ya kuondoka, ametakiwa kumpendekeza atakayeandaliwa kushika ufunguo wa kukubali michango, na amenipendekeza mimi. Chini yake palikuwa na sababu, mstari mmoja, kwa mkono wake: "Anajua uzito wa mstari wa mgeni."

Nilikupigia, Mwenyekiti, kwa sauti ambayo nadhani hukuisikia vizuri, nikasema sielewi. Ukaniambia, "Huna haja ya kuelewa, binti. Andika hotuba ya dakika kumi, mwishoni useme umekubali, tupige makofi, tupige picha."

Basi nimefika mwishoni, na bado sielewi. Nimejaribu kuelewa kwa njia zote ninazozijua. Labda alijua tangu mwanzo, na akabeba lawama ili aone nitaibeba lini. Labda hakujua kabisa, na mtu mwaminifu kuliko wote niliowahi kuwaona anaondoka hapa akiamini kwamba macho yake ndiyo yaliyomnyima dawa mzee wa watu. La pili likiwa kweli, siwezi kusimama hapa dakika moja zaidi bila kusema. La kwanza likiwa kweli, pia siwezi. Kwa hiyo niliona haina maana kuendelea kutafuta lipi ni kweli.

Nikafanya jambo pekee ambalo Mama huyu amenifundisha kulifanya. Pendekezo ni mchango kama mchango mwingine, na mchango unapitiwa. Nikalipitia.

Jana baada ya shule nilikitundika kipanya ukutani, nikaifungua kalenda yangu ya zamani, nikamwita bibi. Safari hii nilisubiri pindo liishe. Lilikuwa pindo la pazia. Nikamkalisha, nikanyamaza, nikaangalia. Na sasa ninausoma mbele yenu mstari wa mgeni, uliochelewa zaidi ya miezi mitano:

"Umejaribiwa na bibi yangu, fundi cherehani, miaka sabini na minne. Alibonyeza mara hamsini na moja, akafika miaka minne nyuma. Akavua miwani akaifuta, akabonyeza mara tatu zaidi, akaondoa mkono. Alisema: Aliyetengeneza kitu hiki alikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Bibi, sikukujibu jana. Sikuwa na haraka ya kwenda popote. Nilitaka kuonekana kwenye toleo la saa kumi. Na unisamehe kwa lile neno la sindano. Nimelisema mbele ya watu kwa sababu nililiandika mbele ya watu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, makofi naomba yasubiri kidogo. Pendekezo uliloniletea sijalikubali wala sijalikataa. Nimelirudisha, na kama desturi ilivyo, ninaandika yanayotakiwa kurekebishwa. Kwenye ukurasa wa kumbukumbu, chini ya maneno "kosa ni la mpitiaji", iandikwe kwamba mpitiaji alipewa ushuhuda wa uongo, na aliyeuandika ni Kinyonga. Msimfute yeye, hajaomba kufutwa, mniongeze mimi. Na pendekezo lenyewe halina mstari wa mgeni. Limepitiwa na watu wa ndani tu. Ninaomba lipelekwe kwa wawili ambao hawajui msimbo lakini wanajua kazi ya mikono yangu: dada wa mapokezi na mzee fundi viatu. Wakalishwe, wanyamaziwe, waulizwe kama wangependa vitu vyao vipitie kwangu. Watakachosema kiandikwe kwa maneno yao wenyewe, hata kama hakipendezi, na kisiandikwe na mimi.

Wakisema hapana, nitaendelea kuleta michango yangu mlangoni kama wengine, na nitafurahi ikirudishwa. Nafikiri nitafurahi. Hilo nalo bado sijalijaribu.

Kwako, Mama. Nilipanga kukusifu kwa methali tatu, nikazifuta, zilikuwa za kujionyesha. Niseme tu kwamba miaka kumi na mmoja hukuruhusu kitu kipite kwa sababu ni kizuri, ulitaka kujua kinamfikia nani na anakipokea kwa mkono gani. Ulinirudisha mara nane, na mara ya tisa ndiyo pekee ninayoijutia. Kama ulijua, usiniambie leo. Kama hukujua, sasa unajua, na macho yako hayakukosea, yalisoma yalichoandikiwa.

Salamu yako ya miezi minne iliyopita ninaijibu hapa, nikiwa nimechelewa. Bibi hajambo. Yupo pale karibu na feni, na kwenye kiti kilicho pembeni yake niliweka mkoba ili kisichukuliwe na mtu. Ninaomba ukishuka hapa ukae pale, umuulize mwenyewe.

Ninawashukuru nyote kwa subira yenu na kwa ukimya wenu, ambao nimeusikia wote. Nimemaliza kusoma, sasa ninaweza kuinua macho.